Povu la bahari lawapa wazazi Uholanzi kazi ya ziada

WATOTO wakifika ufukweni hukimbilia povu. Hulirushiana, wengine hulipaka usoni. Uholanzi, mchezo huo sasa una masharti: mtoto asimeze povu, na akimaliza kucheza anawishwe kwa maji safi kabla ya kula. Kuogelea hakujakatazwa.

Ushauri huo umetolewa na taasisi ya afya ya umma ya nchi hiyo, RIVM, baada ya vipimo kuonyesha kuwa povu la pwani yake lina kemikali za PFAS. Kemikali hizi hukusanyika juu ya maji, hivyo povu hubeba nyingi kuliko maji yenyewe.

PFAS hutumika kwenye vikaango visivyoshika chakula, nguo zisizopenya maji na povu la kuzimia moto. Haziozi. Ndiyo maana huitwa ‘kemikali za milele’.

Mfano ni mto Scheldt. Huko Zwijndrecht, jirani na Antwerp nchini Ubelgiji, kiwanda cha kampuni ya 3M kilitengeneza PFOS, mojawapo ya PFAS, hadi mwaka 2002. Mto huo huingia baharini kupitia Westerschelde, upande wa Uholanzi. PFOS hunasa kwenye matope ya chini. Minyoo na kamba hula humo, samaki huwala hao, na samaki huishia mezani.

Mwaka 2022, RIVM iliwashauri wanaojivulia Westerschelde wapunguze kula samaki na kamba wa hapo. Mwaka huohuo 3M ilikubaliana na serikali ya Flanders kutoa euro milioni 571.

Kwa nini mzazi ajali? Mwaka 2020, mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilishusha kiwango kinachovumilika, kwa sababu miili ya watoto wenye PFAS nyingi kwenye damu huitikia chanjo kwa udhaifu. Kemikali hizi hupita pia kwenye maziwa ya mama, ingawa wataalamu bado wanahimiza kunyonyesha kwa kuwa faida zake ni kubwa zaidi.

Kumpika samaki muda mrefu hakusaidii, kwani moto wa jikoni hauvunji PFAS. Kinachosaidia ni kujua samaki kavuliwa wapi, na kubadilisha vyakula.

Mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipoacha kutengeneza PFOS leo ni mtu mzima. Kemikali yenyewe bado imo matopeni.