Kabla ya kupanda mlima, chagua kisu chako kwa makini

LIKIZO inapokaribia, mpenzi msomaji, vijana wengi wa mjini huanza kupanga safari ya kupanda Mlima Kenya. Viatu, jaketi na hema huchaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Kisu je? Aghalabu hunyakuliwa jikoni asubuhi ya safari, au hununuliwa kando ya barabara kwa sababu tu kinameta.

Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe. Tulikuwa watu watano, tumeingia kwa lango la Sirimon tukinuia kuteremkia Chogoria. Jioni ya pili, tukiwa katika kambi ya Shipton, mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, nilikuwa nikitoboa mkanda wa begi kwa kisu cha kukunja. Ghafla kikajikunja, na kidole changu kikawa katikati. Kwa baridi iliyokuwako, niliona damu kabla ya kusikia uchungu. Mjini, jeraha kama hilo ni la kukimbilia zahanati iliyo karibu. Kule juu, lango lilikuwa mwendo wa siku nzima. Asubuhi tuligeuka tukarudi, na wenzangu wanne wakakosa kilele kwa sababu ya kisu changu.

Tangu siku hiyo, swali langu la kwanza dukani si kama kisu kina makali. Makali hutiwa kwa kinoo. Nauliza kama kitaulinda mkono wangu.

Msuka na mpini

Kwa safari ya siku nyingi, chagua kisu kisichokunjwa. Hakina bawaba ya kulegea wala kujaa mchanga. Lakini uangalie msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia katika mpini. Ukiwa mfupi, kisu huweza kuchomoka ama kuvunjika hapo hapo. Bora ni ule unaofika mwisho wa mpini.

Mpini nao ujaze kiganja na usiteleze ukilowa. Mbele uwe na kizuizi cha kukinga vidole visiteremke kwenye makali. Ujaribu ukiwa umevaa glavu, kwa maana huko juu utazivaa.

Urefu na chuma

Usidanganywe na kisu kirefu kama simi. Kazi zako ni kukata kamba, kumenya viazi, kufungua pakiti na kukata bendeji. Bapa la sentimita 10 hivi, lenye unene wa milimita 3, latosha. Liwe na makali upande mmoja tu, ili upande wa pili uweze kuukandamiza kwa kidole gumba bila kujikata.

Chuma cha kawaida hunoleka upesi, lakini ukungu na mvua ya mlimani hukitia kutu usipokipangusa na kukipaka mafuta. Kisichoshika kutu hakina usumbufu huo, ingawa aghalabu huchukua muda zaidi kukinoa. Anayeanza ninamshauri achukue hicho cha pili. Vyovyote iwavyo, kinoe kabla ya kuondoka. Kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwa sababu hukulazimisha kutumia nguvu, na nguvu ndiyo huteleza.

Ala

Hapa wengi hupuuza. Tia kisu katika ala, kigeuze juu chini, ukitikise. Kikianguka, kiache dukani. Ukianguka kwenye mawe na ala ikatoboka, ni mwili wako utakaochomwa.

Jambo la mwisho, wazazi wasikie pia. Kisu ni kifaa cha kambini, si pambo la kiunoni. Ndani ya matatu kiwe chini kabisa ya begi, kwani kutembea nacho hadharani bila sababu halali huweza kukuingiza taabuni na polisi. Ukisafiri kwa ndege, kiende na mizigo ya chini. Nacho kisikutie hamu ya kukata miti katika mbuga ya taifa, kwani ni marufuku.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mlaji nyama. Kovu la kidole changu laniambia kwamba nyama hiyo huliwa vizuri zaidi na mwenye vidole kumi. Safari njema!