Gari Dogo, Safari Ndefu: Kazi ya Tabo na Gia

Siku hizi motokaa nyingi ndogo za petroli hutiwa tabo. Baba wa nyumba atakaye kununua gari hutazama karatasi zake, huona injini ni ya lita 1.4, au hata lita 1 tu, naye huuliza: Je, kigari hiki chaweza kuchukua watu watano na mizigo yao, saa tatu au nne njiani, bila kuchoka?

Chaweza, na vizuri pia, mradi dereva ajue kilivyopangwa. Asiyejua aweza kukiharibu hata bila kwenda mbio. Tena katika kulipita gari jingine njiani, kutojua huko kwaweza kuleta msiba mkubwa kuliko hasara ya fedha.

TABO NI KITU GANI?

Injini huishi kwa hewa na petroli. Kadiri ya hewa inayoingia katika silinda ndiyo kadiri ya petroli iwezayo kuungua humo. Injini ndogo huvuta hewa kidogo, kwa hiyo nguvu yake ni kidogo.

Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipewa hati ya uvumbuzi kwa wazo hili: moshi utokao katika injini bado una nguvu, basi kwa nini upotee bure? Moshi huo huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga kama feni. Gurudumu hilo limeungwa kwa mhimili mmoja na feni ya pili, nayo feni ya pili husukuma hewa ndani ya silinda. Basi injini ndogo hupata hewa ya injini kubwa.

Mwaka 1962 Marekani ilitoa motokaa mbili za namna hii, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair, na mwaka 1977 Saab ya Sweden ilifuata. Lakini tabo za zamani zilikuwa nzito. Dereva alikanyaga mafuta, akangoja, kisha nguvu ikaja kwa ghafula. Tabo za sasa ni ndogo na nyepesi, na petroli hupigwa moja kwa moja ndani ya silinda. Injini ya Volkswagen ya lita 1.4 TSI, ile ya nguvu farasi 122, hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha, yaani Nm 200, tangu mizunguko 1500 kwa dakika hadi 4000. Injini ya ukubwa huohuo isiyo na tabo hutoa Nm 130 hivi, tena mpaka ifike karibu na mizunguko 3800.

HESABU YA GIA

Sasa twaweza kufahamu habari ya gia. Tuseme gurudumu la gari likizunguka mara moja hupita meta 2 za njia. Kwa mwendo wa kilometa 120 kwa saa, gari hupita meta 2000 kila dakika, basi gurudumu huzunguka mara 1000.

Ikiwa gia ya mwisho imepangwa ili injini izunguke mara tatu na nusu kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, injini itakwenda mizunguko 3500 kwa dakika. Hivyo ndivyo yalivyo magari mengi madogo ya zamani yenye gia tano. Italia njia nzima, na watoto waliokaa nyuma hawatasikia wanaloambiwa. Lakini gari lenye tabo na gia sita laweza kupangwa ili injini izunguke mara mbili na nusu tu, yaani mizunguko 2500. Katika safari ya saa tatu, injini hiyo imepunguziwa mizunguko 180,000. Kelele hupungua, msuguano hupungua, na petroli hupungua.

Mbona injini isiyo na tabo haikupewa gia hiyo ndefu? Kwa sababu chini ya mizunguko 3000 haina nguvu ya kutosha. Kila kilima kingemlazimisha dereva kurudi gia ya nne. Kusukuma gari dogo kwa kilometa 120 kwa saa katika njia ya tambarare hutaka nguvu farasi 25 hadi 30 tu. Injini yenye tabo hutoa hizo kwa chini ya nusu ya uwezo wake, na kilima kikija ina akiba.

Tena iko faida nyingine kwa watu wa nchi za juu. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu yake kwa kila meta 1000 za kupanda, maana hewa ni nyepesi. Gari likitoka Mombasa kwenda Nairobi hupanda meta 1700 hivi. Tabo hufidia sehemu kubwa ya hewa inayopungua.

UPEPO HAUDANGANYIKI

Lakini gia ndefu haiwezi kuondoa nguvu ya upepo. Ukiongeza mwendo kutoka kilometa 100 hadi 120 kwa saa, upepo hulizuia gari karibu mara moja na nusu kuliko kwanza. Katika safari ya kilometa 300 utaokoa nusu saa, nawe utailipia katika pampu ya petroli.

Katika Ujerumani ziko sehemu za Autobahn zisizowekewa kikomo cha mwendo, ingawa tangu 1978 madereva hushauriwa wasipite kilometa 130 kwa saa. Anayekwenda 160 huko kwa injini ndogo yenye tabo aweza kuona inakunywa kama injini kubwa. Sababu yake ni kwamba tabo ikifanya kazi nyingi, moshi huwa moto mno, na katika injini nyingi petroli huongezwa ili kuupoza. Kipimo cha zamani cha Ulaya hakikuonyesha jambo hili, kwa kuwa mwendo wake wa wastani haukufika hata kilometa 34 kwa saa. Kipimo kipya kilianza 2017, nacho ni kikali zaidi.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwanza, usiilazimishe injini ikiwa chini. Gari likiwa katika gia ya sita na mizunguko 1300, nawe ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, petroli yaweza kulipuka ndani ya silinda kabla ya cheche ya plagi. Mlipuko huo huja pasipo wakati wake, na waweza kuvunja pistoni. Rudi gia moja au mbili kwanza, ndipo ukanyage.

Pili, oili. Imeonekana kwamba baadhi ya oili huongeza hatari ya mlipuko huo. Kwa hiyo daraja ya API SN PLUS ilitolewa 2018, na API SP ikafuata 2020. Soma kitabu cha gari, ununue oili iliyotajwa humo, uibadilishe kwa wakati wake. Oili rahisi yaweza kuwa ghali kuliko zote.

Tatu, tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nayo hulainishwa na oili ya injini. Ukitoka katika mbio au mlima mrefu usizime papo hapo. Enda polepole dakika chache za mwisho, oili isije ikaungua ndani ya tabo yenye moto.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote: kulipita gari jingine. Gia ndefu ilipangwa hasa kwa barabara za Ulaya ambazo magari yaendayo na yarudiyo yametengwa. Katika njia moja ya kwenda na kurudi mambo ni mengine. Ukiwa nyuma ya lori kwa kilometa 80 kwa saa, gari lile la hesabu yetu lina mizunguko kama 1670 tu katika gia ya sita. Ukijitokeza hivyo hivyo, gari litasita kwanza, na wakati huo lori jingine laja mbele yako. Ingia gia ya nne au ya tatu ukiwa bado nyuma, hakikisha njia ni nyeupe, kisha pita upesi. Kama huoni mbali, kaa nyuma ya lori. Waliomo garini wanataka kufika.