Paka Aliyebadilika Tabia: Dawa Ipo, Lakini Ina Mlango Wake

Katika maswali yanayotufikia kutoka kwa ndugu zetu waliohamia Kitengela na viunga vya Kajiado kwa ajili ya kazi, limo moja linalorudi mara kwa mara kwa sura mbalimbali. Paka aliyezaliwa Mombasa au Lamu, aliyekuwa mpole na msafi, amefika bara na tabia yake imegeuka. Anakojoa juu ya mswala na magodoro, anajificha chini ya kitanda kutwa, anawaparura watoto, na usiku analia hadi jirani wa chini agonge mlango. Wenye nyumba wanauliza: je, ni kweli kwamba zipo dawa za kumtuliza paka? Na je, inafaa kuzitumia, au ni bora aachiwe nyikani ajitafutie riziki?

Tuanze na hilo la mwisho, kwani ndilo lenye dhima kubwa. Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim yatupa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajilie wadudu wa ardhini. Asitokee mtu akaifanya hadithi hiyo kuwa hoja ya kumtupa mnyama wake. Paka aliyelelewa ndani, akaenda kuachwa kando ya barabara ya Namanga penye malori, au katika nyanda za Athi-Kapiti penye fisi na mbweha, huyo hakupewa uhuru. Ametupwa katika maangamizi. Sheria ya nchi nayo, Sura ya 360, inakataza ukatili kwa wanyama.

Kinachomsumbua ni nini?

Paka ni mnyama wa mahali kuliko kuwa mnyama wa watu. Katika mitaa ya Mji wa Kale alikuwa na vichochoro vyake, kuta zake, na harufu alizozizoea. Kitengela amefungiwa ghorofani, nje mbwa wa ulinzi wanabweka, kiwanja cha jirani kinajengwa mchana kutwa, na Julai baridi ni kali. Hofu yake ni ya kweli, na mkojo anaouacha mahali ni njia yake ya kujiwekea alama ili ajione yuko kwake. Hafanyi inda. Wala tusikimbilie kusema ameingiliwa na jini, kama ilivyo desturi ya baadhi yetu, hasa akiwa mweusi. Kabla ya kumtuhumu jini, na akaguliwe meno yake na kibofu chake.

Naam, kibofu. Mambo mengi tunayoyaita tabia mbaya ni maradhi. Paka anayekojoa nje ya mahali pake huenda ana uvimbe wa kibofu, ambao wenyewe huchochewa na wasiwasi. Anayeng'ata akiguswa huenda ana jino bovu. Paka mzee anayelia usiku huenda ana maumivu ya viungo, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Na paka dume anayejikamua bila mkojo kutoka ni mgonjwa mahututi: njia ikiziba, anaweza kufa kwa muda wa siku mbili tu. Huyo hangojewi mpaka kesho.

Marekebisho kabla ya dawa

Daktari akishathibitisha kwamba mwili ni mzima, kwanza hutengenezwa makazi. Paka aliyehamishwa apewe chumba kimoja kwa siku kadhaa, pamoja na tandiko lake la zamani ambalo halijafuliwa, ili harufu ya nyumbani imtulize. Apate mahali pa juu pa kukaa na mahali pa kujificha. Masanduku ya mchanga yazidi idadi ya paka kwa moja, yasafishwe kila siku, na yawekwe mbali na chakula. Achezewe, na alishwe kwa nyakati zisizobadilika.

Kuhusu tohara ya nyumba, tukumbuke tofauti iliyobainishwa. Katika hadithi ya Abu Qatada imekuja kwamba paka si najisi, bali ni katika wanaotuzungukazunguka majumbani. Kwa hiyo maji aliyoyanywa yafaa kwa udhu. Mkojo wake, hata hivyo, ni najisi katika madhehebu yetu ya Shafi, na mswala uoshwe mpaka athari iondoke. Usitumie dawa ya klorini juu ya mkojo, kwani moshi wake huumiza kifua. Na harufu ikibaki, paka hurudi pale pale.

Lipo pia suala la kumhasi, ambalo kwa dume wengi hukomesha kunyunyiza mkojo ukutani. Wanachuoni wamekhitilafiana. Baadhi ya wakubwa wa Kishafi walikataza kuhasi mnyama asiyeliwa. Mahanafi waliruhusu penye manufaa. Na wengi katika wa zama hizi wameruhusu kwa paka ikiwa pana haja na operesheni haimdhuru. Mwenye shaka na amuulize mwalimu wake. Wallahu aalam.

Dawa zenyewe

Yakishafanyika hayo yote na hali haijatengemaa, hapo ndipo dawa inapopata mlango wake. Madaktari wa wanyama hutumia dawa zile zile zinazotumika kwa binadamu wenye huzuni na wasiwasi, kama fluoksetini na klomipramini. Fluoksetini imeonekana katika utafiti kupunguza sana unyunyizaji wa mkojo. Si dawa ya siku moja: aghalabu huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha athari yake kamili, na haikatizwi ghafla, bali hupunguzwa kidogo kidogo. Baadhi ya paka hupoteza hamu ya chakula au husinzia mwanzoni, na jambo hilo daktari aambiwe. Kwa hofu ya muda mfupi, kama safari ndefu ya kutoka Pwani hadi Kitengela, daktari anaweza kuagiza gabapentini, ambayo hupewa paka saa mbili au tatu kabla ya kuondoka.

Dawa hizi hazimfunzi paka adabu. Humpunguzia hofu ili marekebisho ya makazi yapate kufanya kazi. Mwenye kutoa dawa na kuacha sanduku chafu amejaza maji katika pakacha.

Na hapa ndipo penye hatari, ndugu msomaji. Asichukue mtu kidonge cha bibi na kukikata nusu. Kapsuli ya kawaida ya fluoksetini ya mtu mzima ina miligramu 20, na hiyo ni mara kadhaa ya kiasi cha paka wa kilo 4. Diazepamu ya kumezwa imewahi kuharibu ini la baadhi ya paka hadi kufa. Panadol ndiyo mbaya zaidi: kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua, kwa kuwa ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli.

Kajiado ni nchi ya ng'ombe na mbuzi, na maduka ya dawa za mifugo yako kila kona. Yanahudumia wafugaji vyema, lakini kilicho salama kwa ng'ombe si lazima kiwe salama kwa paka. Dawa za kupe zenye permethrini humtia paka mtetemeko na kifafa. Usinunue kwa kukisia. Mtafute daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kwa mujibu wa sheria ya 2011, na umuulize wazi kama huwatibu paka, kwani wengi huko kazi yao kubwa ni ng'ombe. Asipokuwepo karibu, Nairobi haiko mbali: Chuo Kikuu cha Nairobi hufunza madaktari wa wanyama huko Kabete, na shirika la KSPCA lina uzoefu mrefu wa paka na mbwa.

Huenda mtu akacheka kusikia paka anapewa dawa ya wasiwasi. Lakini watu wa Lamu hawakucheka kliniki ya punda ilipofunguliwa kwao mwaka 1987. Waliwapeleka punda wao, kwani walijua mnyama huumwa bila kuweza kusema. Hofu nayo ni maumivu. Aliye na paka wa namna hii na aanze leo kwa mambo mawili: amsogezee sanduku safi mahali patulivu, na apange siku ya kumpeleka kwa daktari. Gunia la kumtupia alirudishe stoo.