Munara ya mupepo: juu ya nini ingine ni mifupi?

Kila mutu wa Ruashi anajua shemine ya Gécamines: metre 153. Ku Kenya, karibu na ziwa Turkana, kuko minara 365 ya mupepo yenye kutoa megawati 310 za umeme, na hata moja haifike nusu ya ile shemine. Munara ni metre 44 tu. Bawa ikisimama, ncha inafika karibu metre 70. Ikishuka, inabakisha metre 18 hivi mbele ya udongo.

Juu ya nini walifupisha? Kule mupepo iko na nguvu hata chini, na njia ilikuwa mubaya: walitengeneza kwanza kilometre 208. Munara murefu unaomba grue kubwa, na grue kubwa inaomba njia ya kweli.

Mwenye mupepo kidogo njo anapanda. Ujeremani wanapitisha metre 150, sababu miti na manyumba vinapunguza mupepo ya chini. Mupepo ikiongezeka mara 2, nguvu yake inaongezeka mara 8.

Basi, mu hizi siku za delestaji, mutu akikuuzisha kamashini ka mupepo ka kuweka juu ya malata, umuulize: mupepo ya hapa uliipima metre ngapi juu, na miezi ngapi?