Gari linalolia ukikanyaga mafuta: pima kwanza, ndipo uende gereji

Magari mengi tunayoanza nayo hapa Marekani ni ya mkono wa pili, yametembea maili laki moja na zaidi, na yameuzwa bila dhamana. Wiki chache baadaye, ukikanyaga mafuta unasikia mlio mwembamba kama wa mbu, unaopanda kadiri unavyoongeza mwendo. Fundi anasema giaboksi imekwisha, na giaboksi ni maelfu ya dola. Familia moja ya hapa kwetu ilitajiwa hivyo, kumbe mafuta ya usukani yalikuwa yamepungua. Chupa yake ni kama dola 10. Si kila mtu atapata bahati hiyo, lakini vipo vipimo vya kufanya mwenyewe, bila spana hata moja, vitakavyokuonyesha mlio unatoka upande gani.

Swali la kwanza ni hili: mlio unafuata injini au unafuata magurudumu?

Egesha gari nje, mahali tambarare. Usifanye kipimo hiki ndani ya gereji ya nyumba, hata baridi iwe kali namna gani na hata mlango uwe wazi. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, nayo huua. Weka gia kwenye P, vuta breki ya mkono, kanyaga mafuta taratibu mpaka mshale wa mizunguko ya injini ufike kati ya 2 na 3. Kama mlio unapanda na kushuka huku gari limesimama, magurudumu hayahusiki. Mara nyingi ni kitu kinachozungushwa na mkanda wa injini: pampu ya usukani, altaneta, au puli yenye beringi iliyochoka. Pampu ya ndani ya giaboksi otomatiki nayo huzunguka na injini, kwa hiyo usiiondoe bado kwenye hesabu.

Sasa zungusha usukani kushoto na kulia, gari likiwa bado limesimama. Mlio ukiongezeka, shuku pampu ya usukani. Zima injini, fungua boneti, tafuta kikopo chenye kifuniko kilichoandikwa "Power Steering". Kina alama za MIN na MAX, au COLD na HOT. Yakiwa chini ya alama, ongeza, lakini ongeza aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Honda, kwa mfano, hutaka mafuta yake yenyewe. Yakiwa na povu, hewa imeingia. Yakipungua tena baada ya siku chache, kuna mahali yanavuja, na kuongeza kila wiki hakutaponya kitu. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana usukani wa umeme na hayana kikopo hiki kabisa, basi usihangaike kukitafuta.

Usukani ukiwa hauna neno, washa taa kubwa, feni ya joto na kipasha kioo cha nyuma kwa pamoja. Mlio ukiongezeka, au ukisikika hata kwenye spika za redio, mtazame altaneta. Maduka ya vipuri kama AutoZone, O'Reilly na Advance Auto Parts hupima betri na altaneta bila malipo. Injini ikizimwa, betri nzima huonyesha karibu volti 12.6, injini ikiwaka, kati ya 13.5 na 14.7 hivi. Kumbuka tu kwamba wale ni wauzaji. Altaneta inaweza kupita kipimo cha volti na bado beringi yake ikawa inalia.

Ukiinama kwenye injini inayowaka, funga mtandio, vua kanga, kunja mikono mirefu ya shati. Mkanda ukishika nguo hauachii. Feni ya rejeta pia inaweza kujiwasha ghafla.

Kama gari likisimama liko kimya, na mlio huja barabarani tu, chagua barabara iliyonyooka isiyo na magari mengi. Ukiwa kwenye maili 40 kwa saa, ondoa mguu kwenye mafuta. Mlio ukiendelea na kupungua polepole pamoja na mwendo, tazama beringi za magurudumu au matairi yaliyolika vibaya. Beringi mara nyingi hubadilisha sauti ukikata kona ya upande mmoja. Mlio ukikatika mara tu unapoachia, au ukibadilika kila gia inapobadilika, hapo giaboksi inashukiwa kweli. Hata hivyo uliza kwanza kiwango cha mafuta yake, maana magari mengi ya sasa hayana kijiti cha kuyapimia na ni kazi ya fundi. Na mtu asikutilie mafuta yoyote tu: giaboksi za CVT zina mafuta yao, na yasiyofaa huziharibu.

Usiendelee kuendesha kama taa ya betri imewaka, usukani umekuwa mzito ghafla, kuna harufu ya kuungua, au gurudumu linasaga. Piga simu kazini useme utachelewa. Zamu moja ni hasara ndogo kuliko gari kuzimika kwenye barabara kuu saa nane ya usiku.

Unapokwenda gereji, rekodi mlio kwa simu siku moja kabla, kwa sababu gari lina tabia ya kunyamaza mbele ya fundi. Usimpeleke mtoto wa miaka 11 akutafsirie habari za giaboksi. Hajui maneno hayo hata kwa Kiswahili. Uliza ada ya uchunguzi ni kiasi gani kabla hawajagusa gari. Omba makadirio kwa maandishi, na omba urudishiwe kipuri cha zamani. Wakitaja giaboksi mpya, waulize walipima nini hata wakafika hapo, kisha tafuta fundi wa pili. Makadirio hayo unaweza kuyaleta ofisini kwetu kabla ya kusaini, tukayasoma pamoja.