Nyumba za Wapita Njia (Sehemu ya Pili): Mgeni Akae Hadi Lini?

Wiki jana tulieleza kwamba hospitali za Ulaya ya zama za kati zilikuwa, kwanza kabisa, nyumba za kulaza wasafiri. Habari ya dawa na waganga ilifuata baadaye. Leo tuingie katika swali ambalo kila mwenyeji hulijua hata asipolitamka: mgeni akae hadi lini?

Mji wa Canterbury, Uingereza, ulikuwa na jibu la maandishi. Mahujaji walimiminika huko kuzuru kaburi la Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa ndani ya kanisa lake mwaka 1170. Mwaka 1342 Askofu Mkuu Stratford aliiwekea hospitali ya Eastbridge kanuni zake. Vitanda viwe 12. Hujaji mwenye afya alale usiku mmoja, kisha ashike njia. Mgonjwa aruhusiwe kuzidisha. Na awepo mwanamke aliyepita umri wa miaka 40 wa kuwaangalia wageni. Msomaji amshike huyo mama, maana tutakutana na wenzake Pumwani, Nairobi.

Miaka 11 kabla ya kanuni hizo, msafiri Ibn Battuta alitia nanga Mogadishu. Anasimulia kwamba meli ilipofika, vijana wa mji waliikabili kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara alilala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa. Biashara iliyofanywa bila yeye kuwepo haikutambuliwa. Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mchuuzi bali mwanachuoni, kwa hiyo alichukuliwa na kadhi na kulazwa katika nyumba ya wanafunzi. Kwa siku tatu aliletewa chakula mara tatu kwa siku. Siku ya nne, Ijumaa, akaletewa mavazi ya kuendea msikitini.

Siku tatu hizo zina msingi. Hadithi ya Mtume inasema haki ya mgeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Wahenga wetu walikuwa na haraka zaidi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Tofauti ya Canterbury na Mogadishu si ya dini tu. Eastbridge iliendeshwa kwa mali iliyowekwa wakfu, na hujaji hakudaiwa kitu. Mogadishu mwenyeji alikuwa pia dalali. Wapo watakaosema ukarimu wa namna hiyo si ukarimu. Mimi naona ndio uliodumu zaidi Afrika Mashariki, na ushahidi wangu uko Eastlands ya Nairobi.

Serikali ya kikoloni ilitaka Mwafrika awe msafiri wa kudumu Nairobi: aje na kipande cha kitambulisho shingoni, afanye kazi, kisha arudi kwao. Vijiji ambavyo Waafrika walijijengea vilibomolewa kimoja baada ya kingine. Viwanja vikapimwa Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920. Pangani ilisalia hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, ndipo wenye nyumba wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Katika viwanja vya Majengo, yaani Pumwani hiyo hiyo, watu walijijengea wenyewe, tena kwa mtindo wa Pwani: ujia katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wa kupikia na kuogea.

Mwenye nyumba mara nyingi alikuwa mwanamke. Watafiti Janet Bujra na Luise White wameandika waziwazi kwamba wengi wa wanawake hawa walifika mjini peke yao, wakachuma kwa pombe na ukahaba, wakajenga. Wengi walisilimu, na wasio na watoto waliwafanya wasichana waliofika baadaye kuwa ndugu na warithi. Kwa mwanamume aliyetoka kibaruani, chumba chao kilikuwa na maji ya kuoga, chai, chakula na kitanda. Manispaa haikumpa hayo kwa mshahara wake. Jembe la methali hapa lilikuwa kodi ya chumba, na aliyelipa hakuulizwa atarudi kwao lini.

Hospitali ya wazazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, ni habari ya makala nyingine. Nataja tu kwamba mtaa wa watu walioitwa wapita njia ulihitaji mapema mahali pa kuzalia.

Mfano wa karibu zaidi ni Garissa Lodge ya Eastleigh, Nairobi. Ilikuwa nyumba ya kulala wageni kama nyingine nyingi. Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, wakimbizi walipanga vyumba humo, wakaanza kuuza nguo na bidhaa nyingine vyumbani mwao. Mchana chumba kilikuwa duka, usiku watu walilala na mali chini ya kitanda. Baadaye vitanda viliondoka, maduka yakabaki, na mfano huo ukaigwa hadi Eastleigh ikawa soko la kanda nzima. Hispania mambo yalikwenda kinyume, vitanda vikabaki: Domingo, mtawa wa upweke aliyefariki mwaka 1109, alijenga daraja, barabara na hospitali kwa mahujaji wa Santiago de Compostela, na leo hospitali hiyo ni hoteli ya kulipia.

Kanuni za Stratford tunazijua kwa sababu ziliandikwa na kutunzwa. Za mama wa Majengo hazikuandikwa, na waliozitunga wamekwisha kufariki. Wajukuu wao wapo. Ukiwa na hati ya kiwanja, risiti ya kodi au picha ya nyumba ya bibi yako, usiitupe. Itolee nakala uipeleke Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue, pamoja na jina la mwenye nyumba na mwaka unaoukumbuka.