WIKI YA MAFUNZO NA ZIARA: MWANAFUNZI WA KIISLAMU AJIANDAE VIPI?

 



Wengi wa wanafunzi wa madrasa yetu asubuhi husoma katika shule za sekondari hapa Dar es Salaam, kisha jioni ndio huja kwetu. Shule kadhaa huwa na wiki moja katika mwaka ambayo ratiba ya kawaida huwekwa kando. Wanafunzi hutolewa darasani, hupelekwa kuona mambo kwa macho yao, hufanya kazi za mikono na mwisho huonyesha walichojifunza. Kila wiki hiyo inapokaribia, wazazi huja kutuuliza: "Ustadh, mtoto aende au asiende? Na Sala je?" Makala haya ni jibu la maswali hayo.

Wiki hii ni ya nini?

Baadhi ya watu hudhani ni wiki ya matembezi tu. Sivyo. Kusafiri kwa ajili ya kuzingatia ni jambo lililotajwa katika Qur'an tukufu. Katika Sura Al-Ankabut, aya ya 20, tunaamrishwa kutembea katika ardhi tukaangalie jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha viumbe. Katika Sura Ar-Rum, aya ya 42, tunaamrishwa kuangalia mwisho wa waliotutangulia. Kwa hiyo mwanafunzi anayetoka na daftari, akauliza na akaandika, yumo katika kutafuta elimu. Anayetoka kwa ajili ya kelele za ndani ya basi, huyo amepata kelele zake.

Kwa kawaida wiki huwa hivi: Jumatatu ni maandalizi darasani. Jumanne ni Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940. Jumatano ni safari ya Bagamoyo na Kaole. Alhamisi ni usafi wa mazingira na kazi za mikono. Ijumaa ni maonyesho mbele ya wazazi, nayo humalizika mapema ili watu wawahi Sala ya Ijumaa. Siku inayohitaji maelezo marefu ni Jumatano.

Kaole: msikiti uliotutangulia

Bagamoyo iko kiasi cha kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam, na Kaole ni mwendo mfupi kusini ya mji huo. Hapo pana magofu ya misikiti miwili na makaburi ya kale. Msikiti mkongwe zaidi unahesabiwa kuwa ni wa karne ya 13. Hebu tafakari: Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498. Kabla Mreno hajaliona wimbi la bahari yetu, hapa palikuwa na watu wanaoadhini, wanaotawadha na kupanga safu.

Misikiti hiyo ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mwalimu wa sayansi atawaeleza kuwa chokaa hupatikana kwa kuyachoma matumbawe yenyewe, kwa hiyo bahari iliwapa wazee wetu jiwe na kiungo chake. Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu, na zamani nguzo hizo zilipambwa kwa bakuli za kauri kutoka China. Hiyo ni dalili ya biashara. Jahazi zilizokuja kwa pepo za kaskazi na kuondoka kwa kusi zilileta bidhaa, na pamoja na bidhaa ikaja dini, kwa maneno mema na uaminifu wa wafanyabiashara. Baadaye bandari ikavamiwa na mchanga na mikoko, na shughuli zikahamia Bagamoyo. Mji huo nao ukawa mwisho wa njia ya misafara ya pembe na ya watumwa kutoka bara, kisha makao makuu ya Wajerumani hadi mwaka 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam. Hakuna mji unaodumu. Anayedumu ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Ukiwa mbele ya mihrabu, toa dira yako. Utaona kibla inaelekea kaskazini karibu sawasawa. Sababu ni kwamba Makka iko katika longitudo ya nyuzi 39.8 mashariki, na Dar es Salaam iko nyuzi 39.3. Tumo takriban katika mstari mmoja. Somo la jiografia na somo la fiqhi yamekutana hapo.

Na adabu ya makaburini isisahauliwe. Watolee salamu maiti wa Kiislamu, waombee dua na ukumbuke akhera. Usikalie kaburi wala usilikanyage. Usiwaombe waliolala humo haja zako, kwani wao ndio wenye haja ya dua yako. Wala usiandike jina lako ukutani.

Sala katika siku ya ziara

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwanafunzi akisikia neno "safari" husema: "Basi leo tunapunguza." Taratibu! Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika pwani hii, kupunguza Sala na kuzikusanya kwa ajili ya safari kunahitaji masafa ya marhala mbili, ambayo wanazuoni wameyakadiria kuwa ni zaidi ya kilomita 80. Bagamoyo haifiki. Kwa hiyo Adhuhuri ni rakaa nne ndani ya wakati wake, na Alasiri ni rakaa nne ndani ya wakati wake.

Jambo hili halina uzito likipangwa mapema. Misikiti Bagamoyo imejaa tele. Viongozi wa wanafunzi wa Kiislamu wamwone mwalimu wa ziara siku ya Jumatatu, wamwombe kwa heshima nusu saa ya Adhuhuri iandikwe katika ratiba. Ombi linalofanywa siku ya safari, basi likiwa linanguruma, huleta ugomvi. Kila mmoja achukue chupa ya maji, msala mwepesi na chakula cha nyumbani. Maandazi na viazi vinatosha. Wasichana wachukue mtandio wa akiba.

Kosa langu mwenyewe

Niseme jambo ambalo limenikaa moyoni. Miaka michache iliyopita mzazi mmoja alinijia baada ya Magharibi. Binti yake alikuwa kidato cha pili. Alisema: "Ustadh, mwanangu wa kike anataka kwenda ziara. Wasemaje?" Nilikuwa na haraka. Nikakumbuka Hadithi za kumkataza mwanamke kusafiri bila ya maharimu, nikajibu: "Mzee wangu, bora abaki." Akabaki.

Ijumaa nilialikwa kwenye maonyesho. Kila mwanafunzi alisimama pembeni ya mchoro wake wa Kaole, akieleza. Yule binti alisimama mlangoni, mikono mitupu. Aliponiona alinisalimu, "Shikamoo ustadh," akainamisha kichwa. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nikaenda kwa sheikh aliyenisomesha. Hakunijibu, aliniuliza: "Ulimuuliza ni wapi? Nani anawasimamia? Wanarudi saa ngapi?" Yote matatu sikuuliza. Akanieleza kuwa wanazuoni wamezungumza kwa kirefu juu ya safari inayokusudiwa katika Hadithi hizo, na kwamba matembezi ya mchana mmoja, yasiyofika masafa ya kupunguza Sala, pamoja na walimu wa kike waaminifu, na kurudi kabla ya Magharibi, hayalingani na safari ya kulala ugenini. Akamalizia: "Anayejibu kabla ya kuuliza humbebesha mwenziwe mzigo usio wake."

Nilikwenda nyumbani kwa mzee yule nikamwomba radhi, yeye na bintiye. Mwaka uliofuata mama wa binti huyo alijitolea kuwa mmoja wa wasimamizi wa wasichana. Binti alikwenda, akasali Adhuhuri jamaa Bagamoyo, na akarudi na mchoro wa mihrabu. Mchoro huo tumeutundika katika chumba cha darasa la tatu hapa madrasa.

Nasaha kwa wazazi

Mzazi, kabla ya kusema ndiyo au hapana, iulize shule maswali matano: Wanakwenda wapi? Nani anawasimamia, na je, wapo walimu wa kike? Watasali wapi? Watakula nini? Watarudi saa ngapi? Ukiridhika, mruhusu na umwombee dua. Usiporidhika, una haki ya kukataa, lakini mweleze mwanao sababu kwa upole. Na kama kikwazo ni mchango, mwone mwalimu faraghani mapema. Kukosa fedha si aibu, na mara nyingi njia hupatikana.

Nawe mwanafunzi, soma dua ya kupanda chombo, watii walimu wako, na uwe mfano kwa wenzako wasio Waislamu. Wao hawatasoma vitabu vyetu vya fiqhi, bali watasoma tabia yako ndani ya basi.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na atusamehe pale tulipojibu bila ya kuuliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.